Kitunguu Changu na Mkorosho wa Mwinshehe

Jumatatu, 15 Novemba 1976

Nyumba ya serikali namba nne iko wazi! Bwana Afya amehamishwa, ameondoka leo na kuku wake wote. Bati jipya. Sakafu ya saruji. Bomba uani. Yetu inavuja kila mahali isipokuwa pale tulipoweka ndoo.

Efrazia anatarajia kujifungua Januari. Amesema mtoto akizaliwa chini ya matone, atakwenda kumlea Bukoba kwa mama yake, na mimi nitabaki na ndoo zangu. Alikuwa anakunja nguo. Mke wangu akiwa anakunja nguo huwa hatanii.

Waombaji ni wawili: mimi, karani wa masjala, na Mwinshehe wa hesabu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mgawaji wa nyumba ni Ndugu Leodegar, mtu asiyependa kabisa kuamua jambo. Ameitisha kikao, kimekula asubuhi nzima. Azimio: atakayependezesha zaidi mbele ya nyumba yake kufikia Sikukuu ya Uhuru, huyo ndiye atahamia.

Nimekwisha shinda! Mwinshehe hana kitu ila mkorosho mmoja. Tena mfupi, unanifika begani, umepinda kama mzee anayetafuta kiatu chini ya kitanda.

Jumatano, 17 Novemba

Nimeaga kazini kwamba naumwa jino. Nikateremka hadi ukingoni mwa msitu wa Pugu na jembe. Kuna ua huko huchomoza mvua zikianza, jekundu, la mviringo, kubwa kuliko ngumi mbili. Chini lina tunguu, kama kitunguu hasa. Nimejaza gunia. Nimerudi na mgongo unaoniuma kweli, na jino pia limeanza.

Nimepanda mstari mzima kutoka mlangoni hadi barabarani. Efrazia akauliza yanafanya nini. Nikamwambia yanachanua. Akauliza halafu? Halafu yananyauka, nikasema, hadi mwakani. Akautazama mkorosho wa Mwinshehe muda mrefu. Nikamweleza kwamba mkorosho unataka miaka, unapukutisha majani, unaita watoto na siafu. Ua halina usumbufu wowote. Akasema hata jiwe halina usumbufu.

Jumapili, 21 Novemba

Yamechanua! Yote kwa pamoja! Waliokuwa wanatoka kanisani walisimama. Mama mmoja alijishika kifua. Nilikaa kizingitini na shati jeupe, nikijifanya nasoma gazeti.

Mwinshehe alikuja akanipa mkono. Akasema, "Hongera, jirani. Yamependeza kweli." Maneno ya mtu mwenye hila! Alasiri akabanika korosho uani. Harufu ikapita juu ya ukuta. Watu waliokuwa wanayatazama maua yangu wakageuza shingo, mmoja mmoja, kisha miguu. Hata Efrazia. Alirudi na mkono umejaa, akala mbele yangu bila haya. Alinipa mbili. Nilikataa. Baadaye nilizila.

Jumamosi, 27 Novemba

Mkorosho ule lazima upungue. Mpango wangu ni safi, wala hauna mkono wa mtu ndani yake. Bi Kidawa wa nyumba ya nyuma ana mbuzi mlafi. Nilimwamkia shikamoo kwa adabu zote, nikajitolea kumpeleka mbuzi wake malishoni. Akasema marahaba, akaniombea dua njema. Nikamfungulia mbuzi mbele ya mkorosho, nikageukia pembeni kama mtu anayetazama mawingu.

Mbuzi aliunusa mkorosho. Akapiga chafya. Akaruka uzio, akaanza kula maua yangu!

Alikwisha maliza manne nilipomfikia. Baada ya muda akalala ubavu, anatoka povu, tumbo ngoma. Bi Kidawa alilia kama amefiwa. Efrazia, na tumbo lake lile, akapiga magoti, wakamnywesha maji ya mkaa uliosagwa. Mwinshehe ndiye aliyemshika pembe. Jioni mnyama akasimama, anayumba. Bi Kidawa akaniambia majani yale ni sumu, na tunguu lake ndilo baya zaidi, kila mtu anajua. Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akasema hakudhani mtu mzima angepanda sumu mlangoni kwake.

Hata hivyo yamebaki maua mengi. Nimesogeza yaliyobaki, mapengo hayaonekani.

Jumatano, 8 Desemba

Ukaguzi. Ndugu Leodegar alikuja na kamati ya watu saba, wote na kalamu. Kwa Mwinshehe hawakukawia: mti, kivuli kidogo, mabibo mekundu, korosho zinaning'inia. Wakala. Wakafuta mikono.

Kwangu Ndugu Leodegar alisimama, akakunja uso. Akasema taifa limo katika kilimo cha kufa na kupona, kila kiwanja kinatakiwa kiote chakula, na hapa anaona urembo mtupu. Akauliza kama hili si pambo la kibepari.

Nilimwona Efrazia mlangoni, mkono kiunoni. Nikaziona ndoo nyuma yake. Ulimi ukaondoka wenyewe.

"Ndugu Mwenyekiti," nikasema, "hili si pambo. Hiki ni kitunguu. Ua ni bendera yake tu."

Makofi! Niling'oa kimoja, nikakionyesha: duara, ngozi yake, mizizi yake. Kitunguu kitupu! Ndugu Leodegar alinikumbatia. Akasema huu ndio ubunifu unaohitajika wilayani. Kisha akaamuru ving'olewe vyote, vipelekwe jikoni, viungwe kwenye pilau ya wageni kesho.

Wageni mia na zaidi.

Nimekaa sakafuni. Efrazia amenisimamia. Ameuliza, polepole sana, kama nimekusudia kuiua wilaya nzima kwa ajili ya bati.

Alhamisi, 9 Desemba. Sikukuu ya Uhuru

Mpango ulikuwa rahisi: kubadilisha. Tunguu zangu nje, vitunguu vya kweli ndani. Ila Kisarawe nzima haina kitunguu! Duka la ushirika lina sabuni na viberiti. Sokoni nilipata kimoja, kimeota.

Nikakimbilia jikoni, nyuma ya boma. Masufuria matatu makubwa, nyama imeiva, mchele umeoshwa. Tunguu zangu ziko kwenye ungo, zimekatwa vipande safi, na mpishi ameuinua ungo juu ya sufuria ya kwanza. Nilipiga kelele. Akadhani ni shangwe za sikukuu, akamimina. Akaenda ya pili. Ya tatu.

Ningeweza kusema ukweli. Sentensi moja tu. Lakini Ndugu Leodegar alikuwa ameingia na mgeni wa mkoa, anamwambia, "Na huyu ndiye yule ndugu wa kitunguu." Mgeni akatabasamu.

Basi nikajikwaa. Nilijikwaa kwenye sufuria ya kwanza, nikaangukia ya pili, na mguu wangu ukaishughulikia ya tatu. Mchuzi ulifika hadi kwenye viatu vya mkoa. Nimeungua paja na kiwiko. Chakula chote cha sikukuu kikawa matope. Nikahakikisha kuku hawakaribii, nikiwafukuza kwa mguu mmoja, watu wakiamini nimerukwa na akili.

Kwaya iliimba na njaa. Ndipo Mwinshehe akaja na mkewe, wamebeba vikapu: korosho za kubanika, mabibo, mihogo ya kwao Mlandizi. Wageni wakala wakashiba. Mgeni wa mkoa akaomba mche.

Jumamosi, 11 Desemba

Nyumba namba nne ni ya Mwinshehe. Ndugu Leodegar hakuhitaji hata kikao.

Mwinshehe alikuja hodi. Nilijiandaa kudhihakiwa. Hakunitazama, alizungumza na mke wangu: kuna chumba cha uani huko namba nne, kikavu, shemeji asilale kwenye matone na hali ile. Efrazia alikuwa amekwisha funga mzigo. Alipofika mlangoni akageuka, akaniambia anajua kwa nini nilianguka, na kwamba hilo tu ndilo linalomfanya asipande basi la Bukoba. Akanipaka samli kwenye kiwiko. Akaenda.

Nyumba ni kubwa bila yeye. Inavuja zaidi.

Jumatatu, 20 Desemba

Nimeitwa na Ndugu Leodegar. Nilidhani ni kufukuzwa. Kumbe mkoa umefurahishwa na habari za kitunguu chenye bendera! Nahamishiwa Dutumi, kuwafundisha wakulima kilimo cha vitunguu. Naanza mwaka mpya.

Efrazia alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akanisihi, kwa upole, nirudi ofisini niseme ukweli: sijui hata mbegu ya kitunguu inafananaje. Akasema watu wa Dutumi wamezaliwa na jembe mkononi, watanijua siku ya kwanza. Amekubali kunifuata mtoto akiwa na nguvu, kama kutakuwa na paa, na kama nitanyamaza.

Nimemwahidi. Nitanyamaza kabisa kuhusu vitunguu.

Maana nimepata habari kwamba nyumba bora ya Dutumi, ya baraza pana, inashikiliwa na bwana shamba mmoja anayesifiwa kwa mizinga yake mitatu ya nyuki. Mitatu tu! Mimi nitaweka ishirini, tena mlangoni, watu waone. Kuhusu nyuki sijui mengi. Lakini wadudu wadogo namna ile, watanisumbua nini?