Ombi la Kuwaasili Wapangaji Wangu wa Denmaki

Section 58,
Nakuru.

Kwa Katibu,
Kamati ya Kuasili Watoto.

Ndugu Katibu,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana malalamiko yangu ni mengi na pumzi yangu ni kidogo. Afisa wenu, Bi Wachuka, alinitembelea akaniomba, kama mwenye nyumba, niandike maoni yangu kuhusu wapangaji wangu. Hao ni Torben na mkewe Birgit, watu wa Denmaki, wanaoishi katika nyumba yangu ndogo ya uani na kumlea mtoto Maxwel huku wakingoja ruhusa ya kumwasili na kwenda naye kwao. Aliniambia niandike ukweli mtupu. Nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, moyo wangu sasa umechoka, na daktari hanifichi kwamba safari yangu iko karibu. Kwa hiyo sina wa kumwogopa. Ukweli ni kwamba watu hawa wananitesa, kama ifuatavyo:

1. Torben anambeba mtoto mgongoni kwa leso. Anatembea naye hivyo mpaka Bondeni kununua sukuma wiki, mchana, watu wakiona, na anarudi akiimba. Tangu aanze tabia hiyo wanaume wa mtaa huu hawana amani. Jirani yangu Njuguna, mtu mzima mwenye heshima zake, amenunuliwa leso na mkewe Waithera kwa ajili ya mjukuu wao. Njuguna anasema leso hiyo imepotea. Najua iliko, kwa sababu aliificha kwangu.

2. Birgit amenigombanisha na watu wangu. Nilimwonyesha mara moja tu namna ya kusugua kibuyu kwa mkaa na kugandisha maziwa yawe mursik. Mwanangu Weldon alipokuja kuniona alionja ya Birgit, akaomba aongezewe mbele ya mkewe Kimberly. Kimberly hajanipigia simu tangu siku hiyo. Zamani nilikuwa nikilalamika kwamba anapiga sana. Sasa hata lalamiko hilo nimenyang'anywa.

3. Mtoto mwenyewe ndiye mbaya kuliko wote. Ndugu Katibu, nilikuwa nimejiandaa kufa vizuri. Nyimbo za mazishi nilikuwa nimezichagua, watu wa kanisa nimewaaga, na koti langu la sufu nilikuwa nimempa Waithera. Lakini kila asubuhi Maxwel anasukuma mlango, anapanda kitandani na kuniinamia mpaka pua zetu zinagusana.

"Kogo, umekufa?" ananiuliza. Kogo ndivyo sisi Wakalenjin tunavyomwita nyanya.

"Bado."

"Basi amka. Kuku wanangoja."

Mtu atakufaje katika hali hiyo? Uani asubuhi kuna baridi, kwa hiyo nililazimika kwenda kuliomba koti langu. Waithera alinirudishia huku akiniambia, "Mwalimu, si ulisema hutalihitaji?" Nimeaibishwa katika uzee wangu.

4. Sasa nafika kwenye jambo la kisheria. Mtoto huyu aliokotwa mtaa wa Free Area akiwa mchanga, na jina la Maxwel alipewa kwenye makao ya watoto. Hakuna anayejua watu wake. Waithera anashikilia kwamba ni wa kwao, Wakikuyu, eti tazama anavyokula githeri, mahindi yao na maharagwe. Mimi nikaona haifai mtoto avuke bahari bila jina la nyumbani. Kwetu, mama wazee humwekea mtoto ugoro kidogo puani na kuwataja waliotangulia mmoja mmoja, na lile jina litakalomkuta akipiga chafya ndilo lake. Huyo aliyetajwa amerudi. Mimi ni Mkristo na naomba mchungaji wangu asisome aya hii. Tulifanya jambo hilo jikoni kwangu, Torben akiwa amempakata mtoto, na Waithera akiwa shahidi. Nilitaja wengi. Nilipofika kwa marehemu mume wangu, Kibii, chafya ikapigwa.

Fikiria basi, Ndugu Katibu. Ikiwa Kibii amerudi, mnachotaka kufanya si kumpa mtoto wazazi. Mnataka kumchukua mume wa mtu na kumpeleka Denmaki bila kumwuliza mkewe, aliyefunga naye ndoa kanisani na hajawahi kuachika.

Naambiwa karatasi zao ziko karibu kukamilika, na zikikamilika wataondoka. Kwa hiyo naomba yafuatayo:

Kwanza, faili lao liwekwe chini ya mafaili mengine yote hadi nitakapozikwa. Kwa jinsi daktari anavyozungumza, hamtachelewa sana.

Pili, ikiwa hilo haliwezekani, naomba kuwaasili Torben na Birgit. Umri wangu unatosha, nina nyumba na pensheni, na wao ni watu wazima wenye afya wanaoosha vyombo bila kuambiwa. Torben hana wazazi. Birgit ana mama, lakini nimeongea naye kwa simu, nikaona ni mtu wa kuelewana. Nikishawaasili hao wawili, Maxwel atakuwa mjukuu wangu halali, na shauri lote litakuwa la ndani ya nchi. Hakutakuwa na haja ya ndege.

Msalimie Bi Wachuka na umwambie alisahau mwavuli wake hapa, kuku wameuzoea. Wasalimie wanakamati wote na jamaa zao, na mlinzi wenu wa langoni, ambaye nilimfundisha kusoma.

Wako katika kungoja,
Mwalimu Jerotich (mstaafu)

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeifunga, nimeifungua tena. Sitaki kwenda mbele za Mungu na uongo mdogo hivi, afadhali ungekuwa mkubwa. Maxwel hakupiga chafya. Alipuliza ule ugoro wote ukamwingia Torben usoni, na nilipotaja Kibii, aliyepiga chafya ni Torben. Waithera alicheka mpaka akaketi sakafuni.

Nimelifikiria jambo hilo sana. Kibii alikuwa mume mwema, lakini katika watoto wetu wote hakumbeba hata mmoja mgongoni. Alikuwa akiogopa kuchekwa. Kama ni kweli amerudi kwa yule Mzungu, basi amerudi kumalizia kazi aliyoiacha. Mimi ni nani hata nimzuie baba kwenda nyumbani na mtoto wake? Wapeni karatasi zao, tena upesi, waondoke kabla baridi ya kwao haijaanza. Koti langu la sufu Birgit amelipunguza, linamtosha mtoto.

Wameniahidi kupiga simu kila asubuhi ili Maxwel aniulize swali lake. Nitajitahidi niwe na jibu.