Malalamiko Kuhusu Mwisho wa Dunia Kuangukia Msimu wa Kimchi

Desemba 6, 1997

Kwa Mchungaji Tak, Kanisa la Taa Saba.

Mpendwa katika Bwana,

Nakuandikia kwa heshima zote nikiwa bado duniani, jambo ambalo si kosa langu.

Mwanzoni mwa Novemba, viwanda vikifungwa kila kukicha na mume wangu amesharudishwa nyumbani, ulitutangazia kwamba dhiki hii iliandikwa, na kwamba Bwana angetuchukua tarehe 29. Nilisema amina. Malalamiko yangu ni haya:

1. Novemba ndipo tunapotengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha kwa chumvi na pilipili, ya majira yote ya baridi. Uliponiuliza, "Mama Shemasi, mbinguni utamchachushia nani kabichi?" nilicheka na wenzangu, mitungi nikaiacha mitupu. Kabichi zimeganda shambani. Mume wangu anakula wali mkavu, na kila akimeza ananitazama.

2. Ulituagiza tusiondoke na kinyongo. Nikaenda kwa wifi yangu Geum-ja, ambaye sikusema naye miaka kumi na mmoja, tangu alipotangaza kwenye msiba wa baba mkwe kwamba kimchi yangu ina chumvi ya kuulia konokono. Nikamsamehe. Nililia, Mchungaji. Lakini nilimsamehe kwa wiki mbili tu. Sikujiandaa kwa maisha.

3. Geum-ja haendi kanisani, kwa hiyo mitungi yake imejaa pomoni. Tarehe 30 asubuhi alichungulia juu ya ukuta: "Wifi, bado upo? Nilidhani umeshapaa." Nami siwezi kumjibu, maana nimemsamehe.

4. Nyuma ya kanisa mkeo amefukia mitungi minane ya kimchi. Nasikia unasema ni ya wale watakaoachwa.

Kwa hiyo naomba utangaze tarehe nyingine, ya uhakika na ya karibu, kabla njaa haijanipeleka kwa Geum-ja na bakuli mkononi. Ikishindikana, uniandikie kwa muhuri wa kanisa kwamba msamaha ule umebatilika.

Wasalimie mkeo, wazee wa kanisa, kwaya, na wote waliokwisha kuuza vitanda vyao.

Wako mtiifu, mpaka hapo itakapoamriwa vinginevyo,
Shemasi Pyo Ok-rye

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha, Geum-ja akaingia bila hodi na kabichi arobaini alizozilaza kwenye chumvi tangu jana. "Chumvi nimetia mimi," akasema, "wewe paka pilipili tu." Tumekaa sakafuni, mikono myekundu hadi viwikoni. Mchungaji, kama unayo tarehe, tafadhali kaa nayo. Kimchi hii itakolea mwezi wa pili, na wifi yangu ameahidi kuja kuionja.