Bwawa la Kushonwa kwa Vipimo

Pamba aliingia duka la vifaa vya ujenzi kukwepa jua na mtu mmoja aliyekuwa akimtafuta, na kwa heshima yake niseme hakuwa na nia ya kumtapeli yeyote kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa amesimama nyuma ya makopo ya rangi, akijifanya anasoma maelekezo, aliposikia sauti ya mwanamke pale kaunta.

"Samahani kaka, bwawa la kuogelea mnauza likiwa zima, au mtu ananunua kitambaa akashone?"

Mwenye duka alipaliwa na chai. Pamba naye ilibidi ashike rafu. Katika maisha yake alikuwa ameuza nafasi kwenye foleni isiyo na dirisha, amekodisha kivuli cha ghorofa la watu, na aliwahi kumuuzia mwalimu mkuu kengele ya shule ya mwalimu mkuu huyo huyo. Lakini hakuwahi kukutana na samaki anayekuja jikoni kwa miguu yake, limau mkononi.

Jina la Pamba lilikuwa na sababu mbili. Kwanza mavazi, maana mjini nguo kali huitwa pamba, na yeye alikuwa na suti za kubadilisha asubuhi na jioni. Pili viganja vyake, laini kama pamba yenyewe. Marehemu baba yake alikuwa fundi mwashi, aliyejengea watu nusu ya mji na kufia chumba cha kupanga, viganja vimepasuka hata kushika kikombe cha moto ilikuwa mateso. Siku ya maziko Pamba aliapa kwamba mikono yake haitabeba kitu kizito kuliko kalamu. Kiapo hicho ndicho kitu pekee alichowahi kukitimiza. Kila jioni aliipaka mikono mafuta, akaitazama, akalala na amani.

Baba alimwachia mwiko na pimamaji, ule ubao wa mafundi wenye kichupa na kiputo cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa. Mwiko aliutupa uvunguni. Pimamaji alitembea nayo kazini, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba mtu akionyeshwa kiputo hutulia na kuamini mengi.

"Mama," alisema akitokea nyuma ya rangi, "una bahati leo. Mimi ni mhandisi wa maji yaliyotulia."

"Na yale ya fujo?"

"Hayo ni idara nyingine."

Mwanamke alijitambulisha kuwa Mama Pacha. Walikuwa wamehamia mtaa wa juu si zamani. Mumewe alikuwa msimamizi wa stoo katika kampuni kubwa, sasa amestaafu, na wanasubiri kiinua mgongo chake, ambacho, alisema kwa mnong'ono uliosikika hadi barabarani, ni kikubwa kuliko mgongo wenyewe. Alitaka bwawa la familia nyuma ya nyumba. Pamba akamweleza taratibu kwamba bwawa halichukuliwi dukani kama sufuria. Bwawa hushonwa, na kabla ya kushonwa, familia nzima hupimwa.

"Nilimwambia mume wangu," alisema Mama Pacha. "Akabisha."

Kesho yake Pamba aliikuta familia imepanga mstari uani. Bwana Stoo, mwenye tumbo la kuheshimika, alivaa kaptura mpya ya kuogelea. Dada yake, ambaye wote walimwita Shangazi, alikuwa amevaa kofia ya plastiki na miwani ya kuzamia, japo maji ya karibu zaidi yalikuwa kwenye birika. Wale pacha walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo walipimwa kwa simulizi: mama yao aliinua mkono kuonyesha wanapofikia, naye Pamba akapima mkono.

Shangazi aliuliza kama anapimwa kabla ya kula au baada. Pamba alijibu kwamba wataalamu hupima mara zote mbili, kisha wanagawanya. Futi kamba haikuzunguka tumbo la Bwana Stoo, basi Mama Pacha akaleta bunda la uzi, akamzungusha mumewe, akafunga fundo, akakata. Pamba aliusifu sana uzi ule. Halafu alimlaza kila mtu kwenye nyasi na kumwekea pimamaji kifuani, akitikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu.

Kitu kimoja tu kilimkera. Mama Pacha hakujua kuongea polepole. Alitangaza kila kipimo kama anayenadi nguo za mtumba, mpaka vichwa vikaanza kuchomoza juu ya ukuta. Upande mmoja alikuwa Mama Saluni, mwanamke mnene mwenye maneno machache. Upande wa pili alikuwa Sajini mstaafu, amepanda ngazi, anabadilisha taa mahali pasipo na taa. Utapeli hupenda kivuli, na Pamba aliomba sauti zishushwe. Mama Pacha alikubali, akageukia ukuta na kuutangazia mtaa kwamba injinia ameomba sauti zishushwe.

Ilipofika habari ya arubuni, Bwana Stoo alijikuna shingo kwa aibu.

"Mwanangu, mimi nimefanya kazi stoo maisha yangu yote," alisema. "Mtu wa stoo hasaini mzigo ambao haujafika. Nionyeshe shimo, nami nikuonyeshe pesa."

Pamba alilipima jambo hilo na kuona halina ubaya. Shimo ni kitu gani? Ni udongo uliohamishwa. Alitafuta vibarua wawili, akawalipa kutoka kwenye akiba yake, yaani jasho la watu wengine, na shimo likachimbwa. Bwana Stoo alichungulia ndani na kulisifu. Kisha akasema, kwa unyenyekevu, kwamba hata mbwa huchimba shimo. Akiona sakafu ya zege, atakuwa na uhakika.

Na kweli, kiinua mgongo kilikuwa njiani. Kilibaki saini ya bosi, ila bosi alikuwa safarini. Bosi akarudi, akaugua. Bosi akapona, akapoteza miwani. Kila habari mbaya Mama Pacha aliileta pamoja na chai na pole nyingi, hata Pamba akajikuta anamwombea bosi huyo afya njema. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alivua kweli: ile suti ya kijivu ikageuka saruji, ya bluu ikageuka nondo, na zile za mistari zote mbili zikaenda kwa kokoto. Vibarua walipoambiwa wasubiri kiinua mgongo, waliweka koleo chini wakaondoka, kwa kuwa walikuwa watu wazima wenye akili zao. Koleo lilibaki limelala kwenye udongo, likimtazama Pamba.

Alilishika. Ningependa kusema alisita sana, lakini tamaa haijui kusita. Kabla jua halijazama, viganja vile vya mafuta vilikuwa na malengelenge. Kiinua mgongo cha mzee kilikuwa kimeuinamisha mgongo wa kijana, na Pamba aliutambua utani huo mwenyewe, ila hakucheka.

Waliocheka walikuwa wengine. Kila jioni, wakati yeye yuko shimoni, familia ilifanya mazoezi ya kuogelea kwenye nyasi. Bwana Stoo alijitupa kifudifudi na kurusha mikono. Shangazi alivuka ua mzima kwa tumbo, miwani ya kuzamia usoni, akifika ukutani anageuka na kurudi. Mama Pacha alipiga makofi na kusahihisha miguu. Juu ya ukuta vichwa viliongezeka siku hadi siku. Pamba alijipa moyo kwamba watu wajinga kiasi hiki lazima watalipa, kwa kuwa hawana akili ya kutolipa. Mazoezi yakiisha, Mama Pacha alichukua lile bunda lake la uzi na kutoka kwenda kwa majirani kuomba chumvi. Pamba alishangaa jinsi nyumba moja inavyokula chumvi. Alishangaa pia kwamba sebuleni maboksi hayajafunguliwa tangu wahamie. Shangazi alimweleza kwamba wanasubiri bwawa liishe, wapange vyombo kwa kufuata rangi ya maji.

Halafu lilitokea jambo ambalo Pamba hakulipanga. Alipokuwa akipiga plasta kwa mwiko aliourudia uvunguni, mkono wake ulianza kwenda wenyewe. Ulikunja kiwiko kama baba alivyokuwa akikunja, ukapiga, ukavuta, ukalainisha. Alikuwa amemtazama marehemu miaka mingi, akidhani anamdharau, kumbe alikuwa anajifunza. Siku ya kubandika vigae vya bluu, kigae kimoja kilikaa vibaya. Kilikuwa chini kabisa, mahali pasipofikiwa na jicho la mtu. Pamba akakiacha, akaenda kunawa, akarudi, akakitazama. Aliweka pimamaji juu yake. Kiputo kikakimbilia pembeni. Akaking'oa kigae kile, akatumia bei ya viatu vyake vya mwisho kununua kingine, na alipokiweka, kikakaa sawasawa. Alimkumbuka baba yake akamwonea huruma, kwa mara ya kwanza bila hasira. Kule ukutani Mama Saluni alikuwa amemwona tangu mwanzo.

Siku ya kujaza maji, mpira ulilazwa kutoka bombani na maji yakapanda polepole juu ya vigae. Pamba alisimama ukingoni kwa ovaroli ya vibarua, maana hakuwa na nguo nyingine. Maji yalitulia. Yalilingana na ukingo pande zote nne. Mhandisi wa maji yaliyotulia alikuwa ameyatuliza maji kwa mara ya kwanza, na alijifuta macho akisingizia saruji.

"Hongera, Fundi," alisema Mama Pacha.

Neno hilo lilimchoma na kumpendeza kwa wakati mmoja. Mama Pacha akampa habari: bosi amesaini. Wanakwenda wote benki asubuhi na mapema, kisha watapitia bweni kuchukua pacha waje waone bwawa lao. Yeye aje saa nne kupokea malipo yake yote kwa mkupuo. Bwana Stoo alimshika mkono na kuutikisa kwa muda mrefu, na machoni mwake mlikuwa na shukrani ya kweli, ambayo Pamba aliielewa baadaye.

Saa nne alilikuta geti wazi na nyumba tupu. Walikuwa wamechukua maboksi, mapazia, balbu, hata kengele ya mlangoni. Kwenye kamba ya uani ilining'inia kofia ya plastiki ya Shangazi. Pamba alizunguka vyumba vyote mara mbili akiita, "Mama Pacha?" na mwangwi ukamjibu kwa adabu. Akatoka na kuketi ukingoni mwa bwawa. Hesabu ilikuwa nyepesi, hata aliyeingizwa mjini jana angeiweza: wamekaa nyumba ya kupanga, wamekunywa chai, na jasho lake wamelinywa vilevile. Lakini bado kuna kitu hakikukaa sawa. Watu hao wamepata nini? Bwawa halibebwi kwenye boksi.

Jibu liliingia getini. Lilianza na Mama Saluni, likafuatwa na Sajini, kisha mtaa mzima, baba kwa mama. Kila mtu alikuwa ameshika kipande cha uzi chenye mafundo.

"Fundi," alisema Sajini, akilifunga geti nyuma yake kwa uangalifu wa mtu aliyefunga mageti mengi, "tunaanza kwa nani?"

Maelezo yalitoka taratibu, kila mtu akiongeza lake. Mama Pacha, aliyejitambulisha kwao kuwa meneja wa Fundi, alipita nyumba hadi nyumba akiwapima. Waliona shimo, wakatoa nusu ya bei, kila mmoja kwa bwawa lake. Waliona vigae, wakamalizia. Nani asingetoa, na familia nzima inajifunza kuogelea mbele ya macho yao? Jana Mama Pacha aliwaaga, akasema amehamishiwa mji mwingine, na kwamba Fundi anabaki kukamilisha kazi. Mwenye nyumba naye alikuwepo, anadai kodi, lakini kilichomleta hasa ni uzi wake.

Pamba alielewa. Lile swali la kitambaa pale dukani lilikuwa la mtu aliyejua ni nani aliyejificha nyuma ya rangi. Hata hao pacha, nina shaka kama waliwahi kuzaliwa. Alitazama ukuta, akakumbuka ngazi iko upande wa Sajini. Kilibaki kitu kimoja alichokuwa hajawahi kukijaribu maishani, nacho ni ukweli.

"Wazee wangu, mama zangu, nisikilizeni," alisema. "Mimi si fundi. Mimi ni tapeli."

Ua mzima ukaangua kicheko. Mwenye nyumba aliinama akishika magoti.

"Naapa," alisema Pamba. "Ulizeni mjini. Niliuza kengele ya shule."

Mama Saluni alisogea, akamshika kiganja, akakigeuza juu ili watu waone. Kilikuwa kigumu, kimepasuka pembeni, na saruji imeingia kwenye mistari yake.

"Tapeli gani ana mikono ya hivi?" aliuliza. "Mimi nilikuona ukiking'oa kigae ambacho hakuna mtu angekiona. Usinichezee, Fundi."

Pamba alikitazama kiganja chake, na akaona mwenyewe kwamba kilikuwa cha baba yake. Angeweza kulia. Badala yake aliinamisha kichwa, na watu wakachukulia kuwa hiyo ni adabu ya mafundi. Mama Saluni akamwekea uzi wake mkononi na kusema anaanza yeye, kwa sababu ndiye aliyelipa wa kwanza.

Pamba aliunyoosha uzi ule juani. Mafundo yalikuwa yamefungwa ovyo, moja karibu na lingine, kazi ya mtu aliyekuwa na haraka. Akakunja uso.

"Nani alikupima hivi?" alisema, akiokota pimamaji. "Hebu simama wima, mama."