Maili Kumi Nilizozifuta

Jumamosi, 6 Juni 1970

Posa imekataliwa. Mimi, Shaame, fundi rangi wa Ng'ambo hapa mjini, mwenye brashi tatu na adabu zangu! Tulikwenda Makunduchi na Mjomba Msabah kumposa Mwanamwema. Baba yake, Mzee Usi, alitukaribisha, akatulisha tukashiba, kisha akasema haozi mtoto zaidi ya maili thelathini. Hana ubaya na mtu, ila ndivyo alivyoamua. Akatuonesha jiwe la maili lililo mbele ya nyumba yake: MJINI 39.

Mjomba akasema jiwe halibembelezwi.

Njiani nikagundua jambo. Kibao cha mjini kinasema Makunduchi ni maili 38. Jiwe la Makunduchi linasema mjini ni 39. Kurudi ni mbali kuliko kwenda! Mjomba anasema hiyo maili moja ni ya uchovu. Mimi nasema mawe haya waongo tangu zamani. Uongo mmoja zaidi utayadhuru nini?

Jumatatu, 8 Juni

Nimefanya! Tena mchana kweupe, na nguo zangu za kazi. Mwenye kopo la rangi haulizwi. Ile tatu nimeigeuza mbili. MJINI 29. Mzee Usi alikuwa kondeni, alhamdulillahi.

Lakini jirani yake, Bi Mwatum, akatokeza na kuuliza nimetumwa na nani. Nikasema serikali. Akasema vyema, basi serikali imalizie na mlango wake. Nimepaka mlango, madirisha mawili na banda la kuku. Jogoo kanidonoa.

Alhamisi, 11 Juni

Ushindi! Salamu zimekuja kutoka kwa Mzee Usi. Ameliona jiwe, anadhani njia imepimwa upya, na kwa maili ishirini na tisa hana kipingamizi. Nimecheza peke yangu chumbani.

Kisha mjomba akanimalizia salamu. Mzee anashangaa kidogo. Jiwe la mbele, ukishaenda maili moja kuelekea mjini, linasema 38. Yaani ukiufuata mji, mji unakukimbia!

Ya Rabi. Jiwe la pili sikulifikiria. Wala la tatu.

Jumapili, 14 Juni

Mawe kumi na nane leo. 38 ikawa 28, 37 ikawa 27, na kuendelea. Napanda baskeli, nashuka, napaka, napanda. Mgongo umepinda kama ndoana. Yaliyobaki Jumanne. Akili kama yangu ingepewa mtu mvivu, ingepotea bure.

Jumanne, 16 Juni

Tunguu. Jiwe la kumi. Nikafuta ile moja, nikarudi nyuma kulitazama.

MJINI 0.

Nikatazama huku na huku. Mihogo. Mbuzi mmoja. Kwa hesabu zangu, hapa ndipo Darajani, katikati ya mji. Na mbele yangu yamebaki mawe tisa, ambayo sijui yaandikwe nini. Chini ya sifuri kuna nini? Nikakaa kitako, nikafikiri. Mbuzi naye akafikiri.

Mara kengele ya baskeli. Mzee Usi! Kalowa jasho, na nyuma kafunga pweza mkavu wa kumpelekea mjomba. Nilikuwa na brashi mkononi. Nikasema Shikamoo.

"Marahaba," akasema, huku akihema. "Nshamaliza maili ishirini na tisa, nimezihesabu moja moja. Mji uko wapi?"

Akalitazama jiwe, akaitazama brashi. Akakaa juu ya jiwe, rangi mbichi ikampaka kanzu. Nilingoja matusi. Hakutukana.

"Mize, dada yake Mwanamwema, kaolewa Nungwi," akasema. "Mumewe aliniapia si mbali. Mjukuu wangu nlimwona keshaota meno. Mimi mji siuchukii, Shaame. Nnataka nimwone mwanangu."

Nikatafuta neno la werevu. Kisha nikaiweka brashi chini. Nikamwambia anisamehe.

Akainuka, akasema pweza hawezi kurudi alikotoka, twende tu. Tukazimaliza zile maili kumi pamoja. Yeye, na miaka yake sitini, alikuwa mbele.

Ijumaa, 19 Juni

Mzee Usi ameamua. Kwanza niyarudishe mawe yote thelathini kwenye ukweli wake. Kisha ndoa. Na kila mwezi unapoanza, mimi mwenyewe nimpeleke Mwanamwema kwao, akae siku saba. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Mwanamwema naye ametuma neno. Anasema waume wajinga amewaona wengi, lakini mjinga asiye mvivu huyu ni wa kwanza, hivyo anamtaka. Nimeamua kuwa ni sifa.

Nimekoma. Hila basi. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kweli.

Jumamosi, 4 Julai

Mawe yako sawa, na harusi imepangwa. Leo mkwe kaniita ukumbini kwake. Maadamu mimi ni fundi, anataka nimwandikie kalenda ukutani, kubwa, ya kusomeka kwa mbali, ajue mwanawe anakuja lini.

Siku saba kila mwezi! Nani atanipikia?

Nimeanza kazi. Julai imetoka nzuri mno. Ina siku arobaini na mbili.