Macho ya Kijani ya Mama Shekinah

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Murielle, msusi mwenzangu, ameingia saluni na macho ya kijivu! Ijumaa yalikuwa meusi kama yangu. Wateja wote wamemzunguka. Hata niliyekuwa nimemsuka nusu kichwa ameinuka kwenda kuangalia, kitana kikining'inia nyweleni.

Eti ni lenzi. Kitu chembamba kama ganda la kitunguu, unakiweka juu ya mboni. Eti alipimwa macho na daktari, akafundishwa saa nzima kuvaa na kuvua. Saa nzima! Mimi kusuka nilijifunza kwa kuchungulia tu.

Na Jumapili ni siku ya kumweka wakfu Shekinah wangu. Miezi saba, meno mawili. Mchungaji atamnyanyua mbele ya kanisa zima, tutapigwa picha, na picha itakwenda Bukavu kwa mama yangu, ambaye hajamshika mjukuu wake hata siku moja. Na Murielle wa kwaya atasimama nyuma yetu na macho yake hayo. Hapo itakuwa picha ya nani?

Nina mpango.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda Fordsburg, hapa hapa Joburg, Shekinah mgongoni. Nimempata Khatibu, Mtanzania, anauza makava ya simu, manukato na lenzi, vyote meza moja. Nimemuuliza kama hawapimi kwanza. Amecheka. "Dada, jicho ni jicho. Umeshaona lenye kona?" Kweli, sijaona. Nimechukua za kijani. Karatasi ya maelezo ni ya Kichina, kwa hiyo hakuna cha kunichosha.

Nimerudi Bellevue, chumbani kwetu. Nimekata pilipili za sombe, kisamvu chetu, nikafuta mikono kwenye kitenge, nikaanza kuvaa.

Yesu wangu!

Sitaandika zaidi. Jirani yetu Maman Jeanne amekuja mbio na mwiko, akidhani ni wezi.

Mara ya nne zimeingia. Nimejitazama kwenye kioo. Mtu wa sinema! Nikamgeukia Shekinah, nikamchekea. Akanitazama. Mdomo ukaanza kutetemeka. Akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia, akajitupa kwa Maman Jeanne, akakataa hata ziwa. Mwanangu amenikimbia! Na mimi nimelia, lenzi moja ikatoka na machozi. Nimeiokota sakafuni, nikailamba ikatakata, nikairudisha.

Bado siku tano. Atazoea.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Saluni yetu inakodisha mawigi ya harusi. Wigi moja limekaa kwenye vichwa kumi na vinne na hakuna aliyekufa. Jumamosi ni sikukuu ya wanawake ya hapa Afrika Kusini, kila mtu anataka picha. Kwa nini macho nayo yasikodishwe?

Mteja wa kwanza: Mamie, fundi cherehani wa mlango wa tatu. Amezivaa mchana tu. Amezirudisha kwenye karatasi ya chooni, zimekauka kama magamba ya samaki. Nimezilowesha kwenye maji ya maombi, yale Mchungaji aliyoyaombea homa ya Shekinah. Kama yanafukuza homa, yatashindwa na uchafu?

Murielle ameona. Amepiga kelele saluni nzima ikageuka. Eti maji hapana, hata ya bomba, hata yaliyochemshwa. Eti kuna dawa yake ya chupa, na unaweka mpya kila siku. Eti lenzi haziazimwi, ni kama mswaki. Nimemwambia imani yake ni ndogo. Akasema, "Imani ninayo, mama. Ila macho ninayo mawili tu."

Wateja wamecheka. Wamemcheka nani, sijui.

Ijumaa, 8 Agosti

Upepo wa Agosti. Vumbi la Joburg lote limehamia kwetu. Mchana nimejilaza na Shekinah kifuani. Siku hizi ananyonya akiwa amefumba macho. Akifumba, hanikimbii. Lenzi sikuvua. Ni usingizi wa dakika tano!

Nimeamka saa kumi. Jicho la kushoto limegandamana. Nimelifungua kwa vidole. Eish! Nyanya! Nyanya nzima, na duara la kijani katikati. Lenzi ya kulia imetoka. Ya kushoto imegoma.

Maman Jeanne amesema kwao Uvira jicho la hivi wanalitia maziwa ya mama. Basi, kiwanda si ninacho? Nimejikamulia. Afadhali? Wapi!

Mume wangu Pitchou amerudi kutoka lindoni, akaniona, kofia ikamdondoka. Twende kliniki sasa hivi, amesema. Nimesema baada ya Jumapili. Amesema picha ya nini kama mwenyewe hutaiona. Wanaume hawaelewi mipango.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeingia kanisani na miwani ya jua. Nilidhani wataona msanii. Wameona mke aliyepigwa.

Wimbo wa pili haujaisha, wamama wa kanisa wamemzunguka Pitchou. Pitchou! Mtu anayetoa mende nje kwa ufagio huku akimwomba radhi! Mama Mchungaji akamuuliza, kwa sauti ya chini iliyofika hadi barabarani, "Papa Shekinah, ni mkono huo utakaomshika mtoto mbele ya Mungu?" Pitchou akanitazama tu, jasho linamtiririka. Hakunisema. Mchungaji akatangaza kwamba mtoto hapandi madhabahuni mpaka mambo ya nyumba yanyooshwe.

Ningefanya nini? Nikavua miwani.

Kanisa lote likaguta. Jicho moja jeusi, la pili jekundu lenye kijani ndani. Mama mmoja akanishika kichwa, akaanza kukemea pepo. Aliyepenya watu na kunitoa hapo alikuwa Murielle. Akapaza sauti kwamba si pepo, ni lenzi ya mezani! Akampigia simu daktari wake wa macho, Jeptoo, Mkenya. Huyo dada ametoka kwenye ibada yake mwenyewe, akatufungulia ofisi yake Marshalltown.

Jeptoo ameitoa lenzi, akamulika jicho, akamulika tena. Taa hiyo ya pili imenitisha kuliko pepo. Akaniziba jicho la kulia kwa kadi, akaniambia nimtazame mtoto. Nimemtazama. Nimeona ukungu mweupe unaolia. Mwanangu, ukungu!

"Ungengoja siku mbili zaidi," amesema, "ungemwona hivyo maisha yako yote. Hii si wigi, dada."

Kuna kidonda juu ya kioo cha jicho, na vijidudu vimekipata. Hospitali leo leo, dawa ya matone kila saa. Na sheria zake nimezirudia kama mtoto wa shule. Nawa kwa sabuni, kausha mikono. Vaa ulizopimiwa na daktari. Usiazime. Usilale nazo. Maji hapana, mate hapana. Jicho likiuma, vua, uje. Za kijani tupa!

Nimeapa. Habari ya maziwa sikumwambia. Hakuuliza.

Alhamisi, 21 Agosti

Jicho limepona! Mamie naye amepimwa, mzima. Nimeziba la kulia, nikamtazama Shekinah kwa la kushoto peke yake. Nimeona kope. Nimeona jino la tatu linachungulia, kabla ya Pitchou kuliona! Shekinah ameniangalia macho yangu meusi, akacheka, akanishika pua. Nimelia, ila hakuna kilichodondoka.

Jumapili, 24 Agosti

Shekinah amenyanyuliwa! Hakulia. Pitchou alimshika, na wamama wote wakampa mkono. Picha imekwenda Bukavu. Mama amepiga simu hapo hapo, anapiga vigelegele. Ameshukuru Mungu. Halafu ameuliza, huyo mrembo wa nyuma, mwenye macho ya kijivu, ni nani?

Alhamisi, 4 Septemba

Sijaamini macho yangu. Murielle ametupa zake! Ni za mwezi mmoja, amesema, na mwezi umekwisha. Amezidondosha kwenye pipa la nywele, akafungua mpya. Kijivu kizuri vile, pipani!

Nimefagia mimi. Nimeziokota zote mbili.

Hizi si za Khatibu. Jeptoo alisema nivae zilizopimwa na daktari. Hizi zimepimwa na daktari, tena yeye mwenyewe. Kulala nazo sitalala. Kulamba sitalamba. Mikono nimenawa kwa sabuni. Maji amekataza, mate amekataza.

Maziwa hakuyataja. Nimejikamulia, nimeziloweka kwenye kikombe cha Shekinah.

Mamie ameomba kuzikodi Jumamosi.