Uzinduzi wa Maabara ya Impidansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa mujibu wa ratiba ni mimi mwenyewe. Mkuu wa Chuo chetu cha Ufundi. Mwalimu wa Umeme. Wauguzi wa zahanati. Wadau wa maendeleo. Mama mkwe wangu uliyeketi mstari wa mbele. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya wastani.)

Nimesimama hapa kuzindua Maabara ya Kisasa ya Impidansi, projekti iliyopitia upembuzi yakinifu, mchakato shirikishi na semina za kapasiti bilding, na ambayo utekelezaji wake, kwa takwimu za ofisi yangu, umefikia asilimia mia moja na ushee. (Minong'ono.)

Chanzo chake mnakijua. Binti yangu alipojifungua katika zahanati yetu, mabomba yalikuwa makavu. Nikaenda mwenyewe chumba cha pampu, nikakuta mota inanguruma tu, haizunguki. Nikaamuru nyaya zote zibadilishwe. Ikaendelea kunguruma. Muuguzi akatoka kwenda kuchota maji mtaa wa pili, na mimi nikabeba ndoo. (Sauti nyuma: "Moja tu.") Moja, lakini ilijaa.

Ndipo Mwalimu wa Umeme akanieleza kwamba kapasita ya mota, kile kikopo kinachoisaidia kuanza, imekufa. Umeme wa ukutani, alisema, unakwenda na kurudi bila kukoma, na ule ugumu unaokutana nao njiani ndio impidansi. Koili, yaani waya uliozungushwa mizunguko mingi, huubana zaidi unapogeuka upesi. Ukigeuka taratibu, huupitisha. Kapasita ni kinyume chake: wa haraka hupita, wa taratibu hubanwa, na ule wa betri, usiogeuka, huishia mlangoni. Tena kwenye koili mkondo huchelewa, kwenye kapasita hutangulia, na tofauti hiyo ndiyo inayoisukuma mota ianze kuzunguka. Nikamwambia, basi ofisi yangu ni koili.

"Mheshimiwa," akanijibu kwa adabu, "koili ukiijia taratibu hupitisha."

(Vicheko virefu. Mama mkwe anajipangusa macho.)

Akaazima kapasita kwenye pampu ya shemeji yake, maji yakatoka, na mjukuu wangu akaogeshwa. Shemeji ndiye anayechota sasa. Mwalimu aliniomba jambo moja: vifaa, wanafunzi wake wapime kwa mikono yao badala ya kusoma ubaoni tu, ili siku nyingine mzazi asilale bila maji. Nilimwahidi pale pale, binti yangu akisikia.

Ahadi ile, ndugu zangu, naitekeleza leo kwa kishindo. Impidansi! (Watu: "Juu.") Mwalimu ananinong'oneza kwamba mara nyingine hutakiwa chini. Basi, impidansi kwa kadiri! (Makofi.)

Namshukuru Mkuu wa Chuo kwa utepe, na mpiga picha kwa kukubali kupiga kwa karibu sana. Kipekee nazishukuru timu zote mbili kwa kusimamisha mechi yao kutupisha. Nikishakata utepe, rudisheni magoli mwendelee na kipindi cha pili. Hakuna ukuta wowote wa kuwazuia. Asanteni.