Matone Matatu ya Sabuni

Jumatatu, tarehe 9

Nimemkosea mpwa wangu. Naandika sasa hivi, kabla sijaanza kujitetea.

Chanzo ni Fundi Miwani, mwendesha mashine wa maabara. Asubuhi kanusa chupa mbele za watu, kasema zinanuka sabuni. Eti Mzee Ndoo, yaani mimi, haoshi, anapaka. Miaka kumi na tisa naosha vyombo pale! Nikafuta kila kitu kwa hasira, mpaka spiriti ikaondoka na majina kwenye chupa mbili za uji. Uji ndivyo tunavyoiita plastiki iliyoyeyushwa kwenye maji.

Nikajiambia, unataka sabuni, utaipata. Wenzangu walipokwenda kula, nikadondosha matone matatu ya sabuni ya vyombo kwenye ya kushoto. Nilijiapia ni ya Fundi Miwani. Mchana akaja binti wa dada yangu, mtafiti, akaangalia mfuniko wenye ufa, akasema hii ni yangu. Akaichukua. Nikanywea.

Jumanne, tarehe 10

Nimeona maajabu.

Mpwa wangu anatengeneza bandeji ya walioungua. Uji unapita kwenye sindano, umeme mkali unauvuta, uzi unarukia karatasi ya bati. Miezi mitatu uzi wake una vinundu, wao wanaviita shanga. Mkuu wa maabara kashamwambia: Ijumaa saa nne aonyeshe uzi safi, la sivyo kazi inakwenda kwa Fundi Miwani.

Leo hakuna shanga. Hata moja! Kaniita, Mjomba njoo uone. Nikainamia hadubini. Nyuzi laini, maelfu, zimelala kama zimechanwa kwa kitana. Kanionyesha na unywele wangu pembeni: ulionekana kama gogo. Nilisahau kupumua. Mimi, mtu wa ndoo!

Akauliza, sasa leo nimefanya nini tofauti? Nikasema mkono wake una baraka. Mungu nisamehe.

Jumatano, tarehe 11

Kakoroga uji mpya. Shanga zimerudi. Kapima unga mara nne, kapunguza umeme, kaongeza umeme. Shanga. Fundi Miwani akapita akiimba, akasema bahati haina cheti. Nikamkuta binti stoo, analia katikati ya mafagio yangu.

Nikatafuta njia ya kusema bila kusema. Nikamwambia nimeota sabuni. Akanijibu kwa upole, Mjomba, nenda kapumzike.

Basi nikaamua kumsaidia kimya kimya. Nikatia sabuni kwenye chupa mpya. Kwa ukarimu. Kikombe kizima! Povu mpaka shingoni, sindano ikachuruzika kama pua ya mwenye mafua. Fundi Miwani alicheka mpaka akavua miwani. Binti akamwaga yote, akadhani kaharibu mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 12

Nimeuliza kijanja, huku napiga deki: hivi kwa nini uji unafanya shanga? Akaniacha nitazame ncha ya sindano. Tone lilikuwa limening'inia. Akasema tone linajikumbatia, linataka kubaki duara, na umeme unalivuta liwe uzi. Likishinda tone, ndiyo shanga. Linahitaji kitu cha kulilegeza kidogo tu, na hicho bado hajakipata.

Nikaliangalia. Dogo kuliko punje ya mtama, na linabishana na umeme! Nywele za mkono zilinisimama. Na mimi ndiye niliyelilegeza, kwa kisasi, bila kujua ninachogusa. Jitu zima.

Nilifungua mdomo. Mkuu akamwita. Nikaufunga. Kwa kweli nilishukuru, na hilo ndilo baya zaidi.

Lakini sasa basi. Kesho Ijumaa, saa mbili kamili asubuhi, nasimama mlangoni kwake na chupa ya sabuni mkononi. Namwambia: matatu, si kikombe, na mkosaji ni mimi. Ana saa mbili za kukoroga kabla ya mkuu kuja. Saa nne narudia mbele ya mkuu na Fundi Miwani, ili asije mtu akasema binti kabahatisha. Wakinifukuza, sawa. Nimeshamwambia mke wangu aninyooshee shati jeupe.

Kuhusu ile chumvi niliyotia leo saa kumi kwenye uji wa Fundi Miwani, hiyo nitaikiri Jumatatu.